Mpiga Picha wa Watu wa Kidole Gumba

Siku ambayo cucu, bibi mmoja mzee wa kijiji cha Wamagana, alimtambua baba yake, tulikuwa watu sita ndani ya studio pale Gatitu. Nilikuwepo mimi, Nyawira, ninayeuza chai na mandazi mlango wa pili. Alikuwepo mdogo wangu Kabui, aliyekuja kupigwa picha ya kupeleka chuoni, na kitinda mimba wetu Githinji, aliyekuwa juu ya stuli akifunga taa iliyokuwa ikizimika ovyo. Alikuwepo cucu mwenyewe, kitambaa cheupe kichwani na sweta ya kijani ya akina mama wa kanisa, na mjukuu wake Muriithi aliyemleta kwa gari. Na alikuwepo mpiga picha, ambaye ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliandika nyuma ya picha hata moja.

Cucu alikuja kwa picha za kitambulisho tu. Alikaa, akaambiwa ainue kidevu, akakiinua, na macho yake yakapita juu ya kichwa cha mpiga picha yakatua ukutani. Akasimama.

"Hiyo ni kwetu," alisema. "Hiyo ni Wamagana. Ona hiyo pengo kwa kilima."

"Cucu, si ukae kwanza," Muriithi alisema. "Unataka kitambulisho ya mgongo?"

"Nyamaza wewe, umezaliwa jana." Alikuwa tayari amefika ukutani, pua karibu iguse kioo. "Na huyu ni baba."

"Baba nani?"

"Kwani niko na baba wangapi?"

Picha hiyo ilikuwa nyeusi na nyeupe, kubwa kama mlango wa kabati. Ilionyesha posti ya homugadi, wale wenzetu waliowalindia wakoloni, ya wakati wa Imajensi, ile miaka ambayo wakoloni waliwakusanya watu wetu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Kulikuwa na mnara wa magogo, daraja la mbao juu ya handaki, lori la jeshi, askari wawili, na watu kumi na mmoja wamepanga mstari langoni. Nyuma yao ukungu, na juu ya ukungu kilima cha Wamagana na msitu wa Nyandarua. Mtu wa mwisho kwenye mstari alivaa koti refu, bega lake la kushoto limeshuka.

"Bega," cucu alisema. "Alianguka kwa mti akikata kuni, bega ikakaa hivyo. Mimi nilikuwa mdogo hivi. Walimchukua asubuhi, hakurudi. Na hatukuwa na picha. Hata moja." Akaweka kiganja juu ya kioo na kulia bila kutoa sauti, mabega yake tu ndiyo yalitikisika.

Nilimtazama mpiga picha. Alikuwa akifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Mtu yule wa mwisho kwenye mstari alikuwa wa plastiki. Urefu wake ulikuwa sawa na kidole gumba changu. Na bega lake nililivunja mimi.

Nilikuwa nimemjua mpiga picha kwa miaka mingi kufikia siku hiyo. Nilifika Gatitu nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Wazazi wetu walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine katika mwaka mmoja, nami nikaacha shule kidato cha pili ili wadogo wangu wasiache. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaitazama sinia ya bati niliyopangia mandazi, akasema, "Hiyo sinia inashika mwanga. Nikopeshe asubuhi." Jina langu hakuliuliza mpaka wiki iliyofuata.

Kwa riziki alipiga picha za vitambulisho, harusi na mahafali, mpaka simu zikaja na kila mtu akawa mpiga picha. Lakini nyuma ya pazia, juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe, palikuwa na kazi yake hasa. Alijenga posti na vijiji vya wakati ule kwa vijiti vya meno, vya kiberiti na nyaya. Askari na malori vilikuja katika maboksi aliyotumiwa na mpwa wake aliye ng'ambo, vipande vya plastiki vya kuunganishwa kwa gundi. Askari hao walikuwa wa vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, naye aliwapunguza kofia, akawabadilisha koti, akawapaka rangi nyuso mpaka wakawa watu wetu. Majani ya chai niliyomwaga mimi aliyakausha yakawa majani yaliyoanguka msituni. Kuvu ya mawe ikawa vichaka. Udongo aliuchekecha kwa soksi ya mwanamke.

Githinji, akiwa bado wa darasa la tatu, alimwuliza mzee huyo, ambaye sote tulimwita Guka, yaani babu, "Guka, naweza cheza na hizo toi?"

"Cheza na moto," alimjibu. "Moto uko na huruma."

Alichukia mapazia ya kuchorwa, yale ya ndege na maua ambayo studio nyingine ziliwekea wateja nyuma. Yeye alitaka nyuma ya kweli. Kwa hiyo tuliibeba meza, mimi upande mmoja yeye upande mwingine, tukaipeleka kwa pikapu ya kukodi mpaka ng'ambo ya kilima cha Wamagana, kabla jua halijapanda. Aliisimamisha meza kwenye ukingo wa mteremko, akafunika ncha zake kwa udongo na kuvu, kisha akalala kifudifudi kwenye umande na kamera yake. Ukitazama kutoka pale alipolala, meza ilipotea. Ardhi ya meza iliungana na kilima cha mbali kana kwamba mtu angeweza kutoka langoni kwa posti akatembea hadi msituni. Mimi nilisimama kando nimeinua sinia yangu ya mandazi, nikiwarushia watu wadogo mwanga usoni.

"Usimpige mtu picha ukiwa umesimama," alisema kila mara. "Shuka mpaka macho yake. Uone kile alikuwa anaona."

Tulingojea ukungu. Kilima cha sasa kina mabati na nguzo za stima, na ukungu ndio uliovifuta. Asubuhi nyingi ulikuja mwingi mno, au haukuja, nasi tukarudi Gatitu bila picha. Hakulalamika. Kitu alichokiogopa ni maji. Mtu unaweza kumpunguza, lori unaweza kulipunguza, alisema, lakini tone la maji haliwi dogo, hata ukilibembeleza. Tone moja la umande kwenye kofia ya askari lilionekana kubwa kama tikiti maji, na picha nzima ikajulikana kuwa ya uongo. Nilimwona akiwafuta watu kumi na mmoja kwa ncha ya leso, mmoja mmoja, kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha kwa bibi harusi yeyote.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Misafara ya jeshi ilipopita kutoka Nanyuki, alitoka mbio na daftari kuandika jinsi matope yalivyoshika matairi, lakini askari akimpungia mkono alirudisha mikono yake mfukoni na kutazama chini. Alijua kila skrubu ya bunduki, ila puto likipasuka harusini, kamera ilimtoka mkononi. Kwa watu wadogo alikuwa na subira ya mwaka mzima, na kwa wateja wa kweli hakuwa na subira ya dakika tano. "Fungua macho, mama, ama nikuchoree mengine?" Wateja walicheka, wakadhani ni mzaha.

Na alikuwa na desturi moja iliyonitia baridi. Kila siku saa kumi na moja jioni aliacha chochote alichokuwa akifanya, akaenda nyuma ya pazia, akawaingiza watu wote ndani ya posti, na kulipandisha daraja la vijiti. Asubuhi aliwatoa, akawapanga mstari, akawahesabu kwa midomo. Kabui aliapa kwamba watu wale hutembea wenyewe, mpaka nilipomwonyesha anayewatembeza. Lakini kujua hakukunisaidia sana. Siku moja aliugua homa, akanipigia simu kutoka kitandani.

"Nyawira, daraja umepandisha?"

"Guka, si ni vijiti tu?"

"Pandisha. Tafadhali."

Nilienda, nikalipandisha kwa ukucha. Studio ilikuwa kimya. Juu ya mnara alikaa mtu mmoja ambaye sikuwahi kumwona usoni, kwa sababu kila picha alipigwa kwa mgongo. Nikaamua kumgeuza. Hakuwa na uso. Plastiki tupu, laini kama yai, haikupakwa rangi hata tone. Nilimrudisha haraka alivyokuwa, na mlango niliufunga kwa mikono miwili.

Mara moja tu nilimwomba kitu. Mama yetu alituachia picha moja, ile ya kitambulisho, na sikio limekatwa nusu. Nilimwambia anitengenezee mama, amesimama mbele ya nyumba yetu ya zamani, nami ningemwonyesha mahali penyewe apige na mlima nyuma.

"Hapana," alisema.

"Ni mtu mmoja tu, Guka. Wewe umetengeneza mia."

"Hao sikuwajua mmoja mmoja. Wewe mama yako unamkumbuka. Nikimtengeneza, utaanza kumkumbuka wangu. Wako atatoka polepole, na hutajua ni siku gani ametoka."

Nilimkasirikia kwa muda mrefu. Nilimpimia chai kikombe hakijajaa, naye alikunywa bila kuuliza.

Bega lilivunjika wakati wa hasira hiyo. Nilikuwa nimemletea chai nyuma ya pazia, mkono wa sweta yangu ukamkumba mtu wa mwisho kwenye mstari, na mkono wake wa kushoto ukatoka wote. Mpiga picha alikuwa nje. Nikaubandika kwa gundi ya viatu, na gundi ya viatu haingoji mtu afikirie. Ukashika ukiwa umeshuka. Aliporudi alivaa miwani, akainama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Nimeharibu," nilisema.

"Mwache. Siku hizo ni nani alisimama wima?"

Kwa bega hilo cucu alimpata baba yake.

Siku ile ya watu sita, nilingoja mpiga picha aseme. Muriithi naye alimsaidia, bila kujua. Aliuliza, "Mzee, hii picha ulitoa wapi? Ni ya nani?" Ni swali ambalo mtu yeyote angeweza kulijibu kwa maneno matatu. Mpiga picha alifungua mdomo. Cucu akageuka, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Mungu akubariki, umemtunza." Mdomo wa mpiga picha ukafungwa. Aliishusha picha kutoka ukutani, akaifunga kwa gazeti, akampa. Nami nilikuwa pale, na mdomo wangu ulikuwa mzima.

Walipoondoka Githinji alishuka kwenye stuli. "Guka, lakini huyo si ni yule wa—"

"Maliza taa," mpiga picha alimwambia.

Nimefikiria sana jinsi kosa lile lilivyowezekana. Cucu hakuwa mjinga. Alikijua kilima chake, lile pengo aliloliona kila asubuhi ya maisha yake, na kilima kilikuwa cha kweli. Ukungu ulikuwa wa kweli. Kama nyuma ni ya kweli, kwa nini mtu aliye mbele awe wa uongo? Ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya kwenye umande miaka yote ile, tukijivunia. Hatukuwahi kujiuliza tulikuwa tukimfanyia nani.

Familia ya cucu iliandaa ibada. Kwa kuwa hawakuwahi kuwa na mwili wa kuzika, waliweka jiwe shambani, na juu ya jiwe wakachonga sura kutoka kwenye picha yetu, koti, bega na yote. Karatasi za ibada zilikuwa na uso ule ule, umekuzwa mpaka ukawa vivuli tu, na watu walipokezana wakisema mjukuu gani amechukua pua. Mpiga picha nami tulikalishwa mbele chini ya hema. Mwongoza ibada alimwita aseme neno.

Alisimama, akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi ni mpiga picha," alisema. "Nilipiga picha." Akakaa. Watu walimpigia makofi kwa unyenyekevu wake.

Chakula hakugusa. Cucu mwenyewe alimletea sahani ya irio, akasimama hapo mpaka aonje. Alionja. Nilimwona akitafuna kijiko kimoja kwa muda ambao mtu angemaliza sahani.

Jioni hiyo daraja halikupandishwa. Wala siku iliyofuata. Juma hilo aliifunika meza kwa shuka, na sikumwona tena akiifunua.

Kifua chake kilianza kumsumbua na baridi ya Nyeri ikamzidi, kwa hiyo binti yake akamchukua akakae naye Mwea, kwenye joto. Studio ilifungwa. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa huko. Nilifika mchana, bodaboda ikanishusha kwenye tuta la mfereji, na nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele yake mashamba ya mpunga yamelala mpaka macho yanapochoka.

"Umeona mahali wameniweka?" alisema kabla ya salamu. "Hakuna nyuma. Mtu asimame hapa, atakuwa mbele ya nini?"

"Asante, mimi pia nimefika salama."

"Umeleta mandazi?"

"Nimeleta."

"Basi umefika salama." Alikula nusu moja, ile nyingine akaiweka gotini. Maji ya mpunga yalimetameta kila upande, nikakumbuka alivyoyaogopa maji. Kisha aliniambia bila kunitazama, "Yule wa juu ya mnara ni baba yangu."

Nikaukumbuka ule uso mtupu, laini kama yai.

"Alikuwa homugadi. Yeye ndiye alikuwa anahesabu. Sisi watoto wa homugadi tulilala ndani ya posti, sio kijijini. Asubuhi nilikuwa nachungulia kati ya magogo, naona mstari. Ndiyo maana najua daraja lilikuwa na mbao ngapi."

"Na baba yake cucu? Alimhesabu?"

"Sijui." Alilisema tena, kwa sauti ya chini. "Sijui, Nyawira. Alihesabu wengi. Wengine walipandishwa lori. Posti ya Wamagana haikuwa mbali na yetu. Nikimwambia yule mama kwamba mtu huyo ni wa plastiki, ataniuliza, na posti uliijuaje? Nimjibu nini? Amenishika mikono, ananiambia nimemtunza."

Alitoa kiberiti mfukoni, akanipa. Ndani, kwenye pamba, alikuwa amelala mtu wa mwisho kwenye mstari, na bega lake nililolibandika.

"Mpelekee. Mwambie yote, na ya mnara pia. Mimi nilishindwa."

"Guka, amepata amani. Analala sasa."

"Nilikukatalia mama yako," alisema. "Unakumbuka kwa nini?"

Nilikumbuka.

"Basi. Yeye alikuwa na baba mdogo sana ndani ya kichwa. Labda mkono tu, labda harufu ya koti. Lakini alikuwa wake. Sasa amewekewa wangu. Mrudishie."

Nilimwambia nitafanya. Aliinua ile nusu ya andazi, akaitazama, akairudisha gotini. Nilipofika kwenye tuta niligeuka. Alikuwa mdogo sana katika ule uwanda, kiti na mtu, na nyuma yake hakuna kitu. Miezi miwili baadaye binti yake alinipigia simu.

Nimekwenda Wamagana mara tano tangu tulipomzika. Mimi si mtu wa kuahidi na kuacha. Wadogo wangu wote wawili wamemaliza shule kwa sababu nilisema watamaliza. Kila mara naondoka Gatitu na kiberiti mfukoni, na maneno nimeyapanga. Kila mara cucu ananipokea getini na kuniita binti yake, na narudi na kiazi kikuu, au nduma, au kuku aliyefungwa miguu.

Mara hii ya tano alinikalisha kwenye veranda, chini ya picha. Ameihamishia nje kwa sababu, anasema, ndani giza linamchosha baba. Ukingo wa chini wa kioo umeshaanza kuingia ukungu. Ng'ambo kilima kilikuwa wazi, mabati na nguzo na yote, na lile pengo.

"Nataka nikuulize kitu," alisema. "Wewe macho yako ni mazuri. Na hiyo picha uliiona kila siku."

"Niulize, Cucu."

"Mimi nilikuwa nafika hapa kwake." Akagusa goti lake. "Na mtoto anaona kila mtu ni mrefu. Sasa angalia vizuri, uangalie na hiyo lango iko karibu na yeye. Baba alikuwa mrefu?"

Lango hilo nililishika likiwa limelowa gundi. Ni vijiti sita vya kiberiti. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, kidole kimekwisha kukisukuma kiberiti wazi, na kupitia kwenye pamba nilimhisi, miguu, koti, bega. Cucu alikuwa amenikazia macho, kidevu kimeinuliwa, kama siku ile alipongoja kupigwa picha.

"Alikuwa mrefu, Cucu," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaegemea ukuta, akafumba macho. "Nilijua," alisema. "Walikuwa wananiambia ati nadanganya."

Nikakaa naye mpaka ukungu ukaanza kupanda bondeni. Ilipofika saa kumi na moja aliinuka kufungia mbuzi, akanikatia nduma, akanisindikiza mpaka barabarani. Kiberiti ninacho bado. Kipo hapa kwenye rafu, kando ya majani ya chai, na sinia yangu imeegemezwa nyuma yake ili yule aliye ndani asikae bila nyuma.